Sinema, Bangi na Vijana wa Pwani Yetu

Kila mara kijana anapopotea, watu hutafuta upesi kitu cha kulaumu. Zamani walilaumu marafiki wabaya. Baadaye wakalaumu sinema. Siku hizi wanalaumu simu. Na kila mara wazee wanapotafuta dawa ya kuwaponya vijana, wengi hurudi kwenye kitu kilekile walichokilaumu: "Tuwaonyeshe filamu, wauone mwisho wa mvuta bangi, nao wataogopa." Basi sinema imekuwa kwetu mshtakiwa na mganga kwa wakati mmoja. Jambo hili lastahili kuchunguzwa kwa utulivu, maana huku pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, toka Uvira hata Baraka, hatuna vijana wa ziada wa kufanyia majaribio.

Tunataka kusimulia hapa habari za filamu chache na za vijana waliozitazama, katika muda wa miaka karibu tisini. Nyingine zilitengenezwa mbali, nyingine hapahapa Kongo. Swali letu ni moja tu: filamu inayosimulia habari za vijana waliofungwa na dawa za kulevya yaweza kufanya nini, na haiwezi kufanya nini?

BANGI ILITANGULIA SINEMA

Kwanza tuondoe kosa moja. Wako wanaofikiri kwamba bangi ililetwa kwetu na picha za Wazungu. Sivyo. Jina lenyewe latuambia njia iliyopita: ni neno la Bara Hindi, lililovuka bahari pamoja na vyombo vya biashara, likafika pwani ya Waswahili, kisha likapanda bara. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na ya watumwa ilikuwa ikienda na kurudi kati ya pwani na Ujiji, na kutoka Ujiji mitumbwi ilivuka ziwa mpaka kwetu. Mwezi wa Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi, wakitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Watu wa hapa wakawaambia kwamba unaingia. Burton huyo aliandika kitabu juu ya safari yake, na ndani yake alieleza habari za uvutaji wa bangi katika nchi alizopita. Wakati huo mashine ya sinema ilikuwa haijabuniwa duniani. Maonyesho mashuhuri ya sinema kwa watu wenye tikiti yalifanyika Paris mwaka 1895.

Mwaka 1925 mataifa yaliyokutana Geneva yalitia bangi katika mapatano juu ya dawa za kulevya, na serikali za kikoloni zikaendelea kuikataza. Lakini katazo halikuing'oa. Mwezi wa Mei 1964, Uvira ilipoangukia mikononi mwa waasi walioitwa Simba, wengi wa wapiganaji walikuwa vijana sana. Mashahidi wa vita vile walisimulia juu ya dawa ya maji waliyonyunyiziwa ili risasi zisiwapate, na juu ya bangi waliyovuta kabla ya kwenda mbele. Vijana wale hawakufundishwa hayo na sinema. Walikuwa na hasira, walikuwa na njaa, walikuwa wameahidiwa mengi wakati wa Uhuru wa 1960 na kupewa machache, na watu wazima waliwatia silaha mikononi. Bangi ilikuja kuziba hofu tu.

Tukumbuke jambo hili tunapoendelea. Kijana hashiki bangi kwa sababu ameiona tu. Huishika pale inapoziba tundu lililokwisha kuwapo.

MWAKA 1936: BARUA MOJA NA FILAMU MOJA

Tarehe 29 Juni 1936 Baba Mtakatifu Pio XI alitoa waraka wake juu ya sinema, uitwao Vigilanti Cura. Alitambua kwamba hakuna chombo kilicho na nguvu kama sinema katika kuvuta umati wa watu. Wala hakuwaamuru waamini wafumbe macho. Aliwataka maaskofu waanzishe ofisi za kuzipima filamu, ili watu wajue ipi ni njema kwa wote, ipi ni ya watu wazima tu, na ipi ni mbaya kabisa.

Mwaka uleule huko Marekani ilitengenezwa filamu juu ya vijana na bangi. Mwongozaji wake alikuwa Louis Gasnier, mzaliwa wa Paris. Jina lake la kwanza lilikuwa Tell Your Children, maana yake "Waambieni watoto wenu". Baadaye mfanyabiashara mmoja wa filamu, Dwain Esper, aliinunua, akaongeza vipande vya kuvuta macho, akaizungusha mji kwa mji. Jina lililokuja kushika sana ni Reefer Madness, yaani "Wazimu wa bangi".

Hadithi yake ni hii. Watu wazima waovu wanawavuta wanafunzi wa shule katika nyumba moja na kuwapa bangi. Mara kijana mmoja anamgonga mtu kwa gari. Msichana anauawa kwa risasi. Mwingine anajitupa dirishani. Mwingine anapelekwa katika nyumba ya wenye wazimu asitoke tena. Yote haya yanatokea kana kwamba kuvuta mara chache kwatosha kumgeuza mtoto mpole kuwa mwuaji.

Wakati huo hofu juu ya bangi ilikuwa imeenea Marekani, na mwaka 1937 serikali ya huko ikatunga sheria ya kodi iliyokusudiwa kuikomesha. Filamu ile haikuleta sheria hiyo, lakini ilikuwa mtoto wa hofu ileile.

Sasa tazama mwisho wake. Mwaka 1972 mtu mmoja aitwaye Keith Stroup, aliyekuwa akipigania bangi iruhusiwe, aliikuta filamu hiyo katika maktaba kubwa ya taifa lake. Akanunua nakala, akaanza kuionyesha katika vyuo vikuu. Vijana walifurika kuitazama, na walicheka mpaka machozi. Wengine walikuwa wakivuta bangi hapohapo, na kila mtu katika filamu alipopata wazimu, wao walizidi kucheka. Pesa za tikiti zikasaidia chama cha kutetea bangi. Mwaka 1998 filamu ikafanywa mchezo wa nyimbo jukwaani, wa kuchekesha tu. Silaha iliyofuliwa ili kuipiga bangi imechukuliwa na wapenzi wa bangi, nao wameifanya ngoma yao.

Kwa nini? Kwa sababu filamu ile ilisema uongo. Kijana aliyekuwa amemwona mwenzake akivuta mara 2 au mara 3 bila kumwua mtu, alijua mara moja kwamba anadanganywa. Na aliyedanganywa katika jambo moja haamini tena hata lile la kweli. Nayo kweli ipo, tena si ndogo. Waganga wanatueleza kwamba ubongo wa mtu huendelea kukomaa mpaka kama umri wa miaka 25; kwamba bangi ikianzwa utotoni hudhoofisha kumbukumbu na nia ya kusoma; kwamba kwa watu wengine huamsha ugonjwa wa akili; na kwamba katika kila wavutaji 10, kama mmoja hufungwa nayo asiweze kuiacha kwa urahisi, na hatari hiyo huzidi kwa walioanza wangali watoto. Kweli hiyo yatosha kumfanya mzazi akose usingizi. Haikuhitaji kuongezwa chumvi.

MLANGO ULIOFUNGWA

Turudi kwetu Kongo. Mwaka 1945 serikali ya Kibelgiji ilitoa amri kwamba Waafrika wasitazame filamu yoyote isipokuwa zile zilizopimwa na kuruhusiwa kwa ajili yao. Mzungu aliweza kuingia katika jumba la sinema akatazama apendavyo; Mwafrika, hata kama ni mwalimu mwenye watoto 6, alichaguliwa kama mtoto mdogo.

Basi zikahitajika filamu za kuwaonyesha Waafrika, na mapadre wa misioni wakaifanya kazi hiyo kwa bidii. Huko Léopoldville Padri Alexandre Van den Heuvel wa shirika la Scheut alisimamia kituo cha sinema cha Aksyo Katolika. Huko Luluabourg, ambayo sasa ni Kananga, Padri Albert Van Haelst wa shirika hilohilo alitengeneza hadithi za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, ambazo watu walizipenda sana. Na hapa Kivu, Padri De Vloo wa Mapadre Weupe alikuwa na kazi ya Africa Films huko Bukavu. Mashine ilipakiwa garini, shuka jeupe likatundikwa uwanjani, jenereta ikaunguruma, na kijiji kizima kikakusanyika gizani.

Kulikuwa na mtu mmoja muhimu ambaye jina lake halikuandikwa kwenye filamu yoyote: yule mfasiri aliyesimama kando ya shuka na kueleza picha kwa lugha ya watu. Yeye alijua watu wanacheka nini na wanaogopa nini. Picha moja, ikipita katika mdomo wa mfasiri mwema, ilikuwa somo. Ikipita katika mdomo wa mfasiri mvivu, ilikuwa makelele ya taa tu.

Filamu hizo zilikuwa na wema wake. Ziliwakusanya watu, ziliwafurahisha bila matusi, nyingine zilionya juu ya ulevi, ulaghai na uvivu. Lakini zilikuwa na kasoro moja kubwa: mara nyingi zilimsemesha mtu mzima kama mtoto. Vijana wa mijini waliona hivyo upesi. Nao wakatafuta filamu nyingine.

MAKAUBOI WA LÉOPOLDVILLE

Filamu walizozipenda zilikuwa za makauboi wa Marekani. Farasi, kofia pana, bastola, mtu mmoja asiyeogopa wengi. Wapimaji hawakuona ubaya mkubwa ndani yake: hazikuwa na uchi, hazikuwa na siasa, na mwishoni mwema hushinda. Aliyependwa kuliko wote alikuwa Buffalo Bill, ambaye habari zake zilitengenezwa filamu mwaka 1944, mwigizaji wake akiwa Joel McCrea.

Katika miaka ya 1950 vijana wa mitaa ya Waafrika huko Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, walianza kujiita Bill. Walivaa leso shingoni na mashati ya mirabaraba, walitembea kama watu walioshuka farasini, waliipa mitaa yao majina ya kikauboi. Walitunga hata msemo wao, uitwao Hindubill, mchanganyiko wa Kilingala, Kifaransa na Kiingereza, ili wazazi na polisi wasielewe. Walipigana mtaa kwa mtaa. Wasichana waliteseka mikononi mwao, na jambo hili tusilipake rangi. Tena walivuta bangi, ambayo huko huitwa diamba.

Angalieni jambo hili la ajabu. Buffalo Bill wa filamu havuti diamba. Hakuna kauboi aliyewafundisha kuivuta. Filamu zilizopimwa na kuruhusiwa, zisizosema neno hata moja juu ya bangi, ndizo zilizozaa desturi ya vijana ambamo bangi ilikuwa kama chumvi katika mboga. Na kule Marekani filamu iliyohubiri juu ya bangi toka mwanzo hata mwisho ilizaa kicheko. Basi hatuwezi kujua matunda ya filamu kwa kusoma karatasi ya mpimaji peke yake. Hatuna budi kuwatazama wale wanaotazama.

Na wale wa Léopoldville walikuwa nani? Walikuwa watoto wa mji uliokua upesi kupita kiasi. Wengi hawakupata nafasi shuleni, wengine hawakupata kazi. Baba zao waliitwa "boyi" na watu wenye umri wa watoto wao. Kauboi aliwaonyesha mtu asiyeitwa boyi na yeyote. Ndicho walichokuwa wakikitafuta katika giza la sinema. Tarehe 4 Januari 1959, ghasia kubwa zilipozuka Léopoldville, hao Bill walikuwamo barabarani pamoja na umati, na mwaka mmoja na nusu baadaye Kongo ikapata Uhuru wake.

Serikali iliwatumia polisi. Wazazi waliwatumia fimbo. Lakini padri mmoja wa Scheut, Jozef de Laet, alichukua njia nyingine. Alijifunza Hindubill. Alikwenda katika vikundi vyao, akakaa nao, akawasikiliza, akawaanzishia shughuli za kuwakusanya. Wao wenyewe wakampa jina: Père Buffalo, yaani Padri Buffalo. Wako waliomlaumu kwamba anajishusha. Sisi twaona kwamba jina lile lilikuwa heshima kubwa. Vijana waliokataa kusikia mtu yeyote walikuwa wamemtia mtu mmoja ndani ya filamu yao, ili waweze kumsikia.

MSICHANA WA STESHENI YA BERLIN

Pengine msomaji atasema: "Reefer Madness ilisema uongo, na makauboi hawakusema juu ya bangi. Je, ikitengenezwa filamu ya kweli kabisa?" Swali ni zuri, na jibu lake tunalo.

Mwaka 1978 huko Ujerumani kilitolewa kitabu cha maisha ya msichana mmoja wa Berlin, ambaye waandishi wa magazeti wawili walikuwa wameyaandika toka kinywani mwake. Alianza heroini, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita unga, akiwa na umri wa miaka 13. Ili apate pesa za kuinunua aliuza mwili wake karibu na stesheni ya treni iitwayo Zoo, pamoja na watoto wengine. Mwaka 1981 mwongozaji Uli Edel alikitengenezea filamu, Christiane F. – Wir Kinder vom Bahnhof Zoo. Hakuongeza chumvi. Alionyesha choo kichafu, sindano, kutapika, rafiki anayekufa. Mamilioni ya watu waliitazama, na kitabu kikasomwa katika shule za Ujerumani kwa miaka mingi.

Hapana shaka filamu hiyo ilifanya wema. Kabla yake wazazi wengi walidhani wavuta unga ni watu wa ajabu kutoka mbali. Baada yake waliona kwamba ni watoto wa jirani, wenye mikoba ya shule. Vijana wengi waliapa kutogusa sindano.

Lakini matunda mengine nayo yalitokea. Wako wasichana walioanza kuvaa kama Christiane na kukata nywele kama yeye. Wako vijana waliokwenda kutembelea stesheni ile kama watu waendao kuona mahali maarufu. Uso mweupe wa msichana mgonjwa, muziki wa David Bowie, taa za mji wakati wa usiku: vitu hivyo machoni pa kijana mpweke vilikuwa vizuri. Wazazi waliona mauti. Yeye aliona kwamba kuna watoto wengine wasiopendwa, tena wana kikundi.

Na kuna jambo la tatu, ambalo sisi twaliona kuwa zito kuliko yote. Filamu yaisha kwa tumaini: msichana ameondolewa Berlin, amepelekwa kwa jamaa zake, ameokoka. Taa zikawaka, watu wakaenda nyumbani. Lakini Christiane mwenyewe hakwenda nyumbani. Mwaka 2013 alitoa kitabu cha pili, akiwa mama mwenye umri wa miaka 51, na ndani yake alisimulia miaka mingi ya kuacha na kurudia, ya ugonjwa na upweke. Filamu ya saa 2 ilikuwa imemaliza habari zake. Maisha yake yalikuwa bado yanaendelea.

PWANI YETU LEO

Tumezunguka mbali ili tuweze kuona vizuri karibu. Kijana wa Uvira wa leo hasubiri tena gari la misioni na shuka jeupe. Filamu iko mfukoni mwake, naye huitazama peke yake, bila mfasiri, bila jirani wa kumgusa bega. Ng'ambo ya ziwa, ambapo usiku twaona taa za Bujumbura, vijana wamekwisha kuingiliwa na heroini wanayoiita "boost". Mwaka 2021 huko Kinshasa ilienea dawa iitwayo "bombé", vidonge vilivyochanganywa na unga uliotolewa katika mabomba ya moshi ya magari, na picha za wavutaji wanaotembea polepole kama watu wa usingizini zikazunguka kila mahali. Bangi nayo haijaondoka kamwe.

Na tundu lile tulilolitaja mwanzoni je, limezibwa? Kila mtu wa pwani hii ajua jibu. Vita viliingia Uvira mwaka 1996, na tangu hapo vimerudi kwa majina mapya. Watoto wamekua wakikimbia toka milimani hata ziwani na toka ziwani hata Burundi. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba kwa maelfu, kisha ziwa lenyewe likapanda na kula mitaa ya pwani. Kijana aliyepoteza nyumba, shule na baba hatishwi na filamu inayomwambia kwamba bangi itamharibia maisha. Yeye aona kwamba maisha yalikwisha kuharibika kabla ya bangi.

Basi tuache filamu? Hapana. Wavuvi wetu wa Kalundu waweza kutufundisha. Usiku wa giza huwasha taa juu ya maji, na ndagala huja kwa wingi kuizunguka. Lakini taa haivui samaki. Kama hakuna wavu chini, wala mikono ya kuuvuta, ndagala watazunguka mwanga mpaka asubuhi, kisha watatawanyika kila mmoja njia yake. Sinema ni taa. Huwakusanya vijana mahali pamoja na kuwafanya watazame upande mmoja kwa muda wa saa 2. Hiyo si kazi ndogo. Lakini saa ya kuvua huanza filamu inapokwisha.

Kwa hiyo, parokia au shule inayotaka kuonyesha filamu juu ya dawa za kulevya yafaa ijiulize mambo matatu.

La kwanza: je, filamu yasema kweli? Yenye kutia chumvi iachwe, hata kama nia yake ni njema. Vijana wa siku hizi hugundua uongo upesi kuliko wale wa 1972.

La pili: nani atasimama kando ya shuka? Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio XII, katika waraka wake Miranda Prorsus, alihimiza kwamba watazamaji wafundishwe kutazama, si kukatazwa tu. Yaani taa ziwashwe, watu wasitawanyike, wazungumze. Tena wasianze wazee. Kijana aulizwe: "Umeona nini?" Jibu lake laweza kumshangaza mzazi. Huenda alimwonea wivu yule ambaye mzazi alimhurumia.

La tatu: filamu ikimgusa mmoja, naye akaja kesho yake mlangoni na kusema, "Mimi ni kama yule," yuko nani wa kumpokea? Ndugu zetu wa Tanzania walikwisha kuanza. Mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa waliofungwa na heroini dawa ya methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mganga ili aweze kukaa bila sindano. Huko Zanzibar zimefunguliwa nyumba za kuwapokea wanaotaka kuacha, na ndani yake walioacha huwaongoza wanaojaribu. Wao wajua, kama Christiane alivyojua, kwamba mtu huanguka na kuinuka mara nyingi, na kwamba anayeanguka mara ya nne hahitaji filamu ya tano. Ahitaji mtu asiyechoka.

Huku kwetu majengo ya namna hiyo ni haba. Lakini Padri Buffalo naye hakuanza na jengo. Alianza kwa kujifunza maneno ya vijana waliomtisha kila mtu, na kwa kukaa nao walipokuwa wangali wachafu, wakali na wenye harufu ya diamba. Kazi hiyo haina gharama ya mashine wala ya jenereta. Mwalimu aweza kuifanya, katekista aweza, mama auzaye ndagala sokoni aweza, kwa yule kijana mmoja anayepita mbele ya meza yake kila jioni na macho mekundu. Amwite kwa jina lake, amwulize alikula wapi leo.